Mtoto wa Kuazimwa

Jirani yangu Mama Chausiku anasema aliliona gari kwa macho yake mawili. Gari la serikali, jeupe, limechorwa shavu ubavuni, limesimama nyuma ya ghala la ushirika kule Kilalani, kijiji alikoolewa dada yake. Anasema ndani ya gari alikaa mtoto mnene ambaye hajapata kuona mfano wake, mikono mapindo mapindo kwa unono, na kila baada ya muda mtoto yule alishushwa, akapelekwa mizanini, akapimwa, akaandikwa jina, akarudishwa garini, akabadilishwa shati, akashushwa tena. Mara kumi na moja. Mashati kumi na moja, majina kumi na moja, mtoto mmoja.

"Mara ya mwisho alikuwa keshasinzia," akasema Mama Chausiku. "Wakampima vivyo hivyo, kichwa kinaning'inia. Mizani haiulizi mtu kama yuko macho."

"Labda walikuwa pacha," nikasema.

"Pacha kumi na moja? Wewe Mama Siwema, hivi kweli ulifika darasa la saba?"

Nilifika, nikaishia hapo hapo, kwa hiyo sina desturi ya kubishana na watu, sembuse serikali. Mimi hutazama tu. Na Mama Chausiku namjua. Akikupa habari ya mvua, punguza mawingu nusu. Nikamwambia serikali yetu haiwezi kufanya jambo la namna hiyo, tena mchana kweupe. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama aliyevaa kanga kinyume, akajiondokea.

*

Kwa msomaji wa mbali, nieleze kidogo. Nchi yetu ni nzuri. Iko upande huu wa mto, na Nchi ya Ng'ambo iko upande ule, katikati pana daraja. Kila mwaka wakubwa wa dunia hukutana mahali penye baridi, wakazipanga nchi zote mstari mmoja kama watoto wa shule, kuanzia ile ambayo watoto wake wameshiba hadi ile ambayo watoto wake wana utapiamlo. Mwaka ule tulikuwa wa pili kutoka mkiani. Hilo peke yake lisingetuumiza, tumezoea. Kilichotuumiza ni kwamba Nchi ya Ng'ambo ilikuwa ya tatu.

Baba Mlezi wa Taifa alihutubia redioni. Alisikika akihema.

"Wananchi! Kushindwa na dunia nzima ni bahati mbaya. Kushindwa na wale ni matusi!"

Ndipo ikaundwa Wizara ya Mashavu. Waziri wake ni Mheshimiwa Profesa Ndalu, aliyeteuliwa, nadhani, kwa kuwa mashavu yake yalikuwa tayari. Wizara ilianza kwa kuisoma ripoti ile ya dunia mpaka mwisho, kazi iliyochukua miezi minne na semina tisa. Ripoti ilisema mtoto hakondi kwa kukosa chakula peke yake. Hukonda pia kwa kuwa mama yake hakusoma, nyumbani kwao ni maskini, maji wanayokunywa ni machafu, na bei za sokoni hazishikiki. Ikasema tazameni nchi hii na ile na ile, ndivyo ilivyo kote.

Wizara ikafurahi. Kumbe ni mambo manne tu!

Visima vikapakwa rangi ya bluu. Wauza unga wakakatazwa kutaja bei kwa sauti, mnunuzi anong'onezwe sikioni. Neno maskini likafutwa, na watu wa aina hiyo wakaitwa wananchi wenye nafasi, kwa maana ya ile nafasi iliyobaki tumboni. Likabaki la elimu. Tukakusanywa uwanjani akina mama elfu mbili, watoto mgongoni, tukasimama juani tangu asubuhi, kila mmoja akapewa Shahada ya Umama yenye utepe mwekundu.

"Akina mama wasomi!" akaita Waziri. "Utafiti unasema mama aliyesoma hana mtoto aliyekonda. Nyinyi mmesoma. Kwa hiyo, kuanzia saa saba na robo mchana wa leo, nchi hii haina mtoto aliyekonda!"

Akaangalia saa yake, tukapiga makofi. Nikageuza shingo kumtazama mwanangu Siwema mgongoni. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini. Nikajiambia labda inachukua muda kidogo kuingia.

*

Siwema alikuwa na mwaka mmoja na miezi tisa, na uzito wake kilo sita na nusu. Mtoto wa umri huo huwa anakimbiza kuku. Wangu alikuwa akiwatazama.

Bonde lote la mto, ambako mama yangu alilima mtama na kunde, sasa ni shamba la maua. Maua hupanda ndege kila Ijumaa kwenda kwenye nchi za juu kabisa ya ule mstari. Mimi huyakata. Naingia alfajiri, natoka jua likiwa linazama, na maziwa hunitoka kifuani saa nne yakaloa aproni, wakati mwenyewe anayeyahitaji yuko nyumbani ananyonya kidole. Baba yake yuko machimboni, hutuletea salamu. Maua hayana shida kama hizo. Yana bwana shamba wa kuyakagua jani kwa jani, yana maji safi ya bomba, yana mbolea kwa vipimo. Maua ya nchi yetu hayajapata kudumaa hata siku moja.

Aliyemwona Siwema kwanza ni Nesi Tunu wa zahanati. Mwanamke mkali, hana maneno ya kupoteza. Alimzungushia utepe mkononi, ukasoma nyekundu, akanitolea vipakiti vya chakula dawa, ule ujiuji wa karanga na maziwa ambao mtoto huunyonya kwenye pembe ya pakiti.

"Vitatu kwa siku, wiki nane. Usimpe mtu mwingine. Usikatishe."

"Nikikatisha?"

"Nimekwambia usikatishe."

Wiki ya tatu Siwema alifika kilo saba na kidogo. Siku moja nilirudi kutoka kwenye maua nikamkuta amesimama, ameshika ukuta, anapiga kelele kuku aondoke. Nilikaa chini pale mlangoni nikalia. Kuku mwenyewe alishangaa.

*

Wiki hiyo hiyo Mtendaji wa kijiji, Bwana Mchopa, aliitisha mkutano. Bwana Mchopa ni mtu mzuri, tatizo lake ni moja tu, kila anayempigia simu ni bosi wake.

"Jamani," akaanza, "mgeni akija kwako nawe huna kiti, wafanyaje?"

"Tunaazima!"

"Na sahani?"

"Tunaazima!"

"Na ukiwa huna jogoo?"

Mzee mmoja akasema, "Jogoo naye huazimwa, Mtendaji. Utamlipa wa kwako akikua."

"Je, huo ni uongo?"

"Hapana! Ni heshima!"

Na ni kweli. Siku ya harusi yangu hata godoro lilikuwa la watu, na wageni walijua, na waliolilalia walilisifia. Kwetu mtu asiyeazima kwa ajili ya mgeni ndiye mwenye aibu.

"Basi tarehe ishirini," akasema Bwana Mchopa, "watakuja wageni wa ile ripoti ya dunia. Tumejikagua. Viti tunavyo. Sahani tunazo. Tulichopungukiwa ni mtoto."

Watu wakacheka. Kisha wakaona yeye hacheki.

Akaeleza. Wageni wana majina manne waliyoyachota wenyewe kwenye daftari la zahanati, watoto wanaokula chakula dawa, wanataka kuona kama wamepata nafuu. Wizara, kwa upendo wake, itatuazima mtoto aliyepata nafuu sana. Mama wa kila jina atampakata zamu yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

"Na watoto wetu wenyewe?" nikauliza.

"Watakaa darasa la nne, dirisha limefungwa. Na nisikie mtoto analia!" Akashusha sauti. "Jamani, mimi nimeambiwa hivi, nami nawaambia. Kijiji kitakachotia aibu, maboksi ya chakula dawa yatahamishwa siku hiyo hiyo. Hata kipakiti kimoja hakitabaki. Sasa chagueni."

Jina la nne kwenye karatasi yake lilikuwa Siwema.

*

Tarehe ishirini gari jeupe likaja, lina shavu ubavuni. Mama Chausiku, ambaye hana mtoto mdogo, alipewa kazi ya kuwanyamazisha waliofungiwa darasa la nne. Nilipomkabidhi Siwema alinong'ona, "Nenda, shoga. Pacha wako wamefika."

Mtoto wa Taifa aliitwa Fumo. Alikuwa mvulana wa miaka miwili kasoro, mnene kweli, mzuri kweli, na amechoka. Mama yake, mpishi wa Wizara, alikuwa amekaa nyuma ya gari na furushi la mashati.

"Kijiji cha sita hiki wiki hii," akaniambia. "Mwanangu amechoka kuvuliwa nguo. Sasa akiona mizani anainua mikono mwenyewe."

"Unamlisha nini, dada?"

Akatazama kulia, akatazama kushoto, akafungua mkoba. Ndani vilijaa vipakiti vya chakula dawa.

"Maboksi ya wilaya hupita kwetu kwanza," akasema. "Si ubaya. Akipungua nusu kilo, sina kazi, na nyumba ni ya Wizara. Kila asubuhi nampapasa mbavu. Siku nitakayougusa hata mmoja nitazirai."

"Mimi pia," nikasema, "kila asubuhi nampapasa wangu."

Tukatazamana. Akatoa kimoja akanisukumia chini ya kanga, haraka, kama mtu anayetoa rushwa.

Zamu yangu ilipofika niliketi kwenye kiti, cha kuazima nacho, Fumo mapajani. Miguu yangu ikafa ganzi mara moja. Sikuwa nimezoea uzito wa mtoto. Mgeni alikuwa bibi wa nywele nyeupe, miwani imefungwa uzi shingoni, na kando yake mkalimani kutoka Wizarani.

Bibi akasoma karatasi, akasema kitu. Mkalimani akauliza, "Huyu ndiye Siwema?"

"Ndiye," nikasema.

Fumo akainua mikono mwenyewe. Wakamvua nguo. Bibi akatazama mtoto, akatazama karatasi, akatazama mtoto tena, akaweka kidole mahali palipoandikwa *msichana*.

Bwana Mchopa akakohoa mpaka machozi. Lakini mkalimani alikuwa amesomea kazi yake. Aliinama akasema maneno marefu, na baadaye dereva wa wageni alituambia yalikuwa haya: katika nchi yetu, kwa hekima ya Baba Mlezi, watoto wote ni sawa.

Mizani ikasoma kilo kumi na tano.

"Anakula nini nyumbani?" bibi akauliza kwa kinywa cha mkalimani.

"Uji wa muhogo asubuhi," nikasema. "Na jioni, ukiwepo."

Mkalimani akatafsiri. Nilisikia tafsiri ni ndefu kuliko uji. Bibi akaandika, na kwa kuwa alikuwa anachora vipicha pembeni mwa karatasi, niliona amechora yai, samaki na kikombe.

Hapo Fumo akachoka. Akamwona mama yake kule garini, akanyoosha mikono yote miwili, akaita, "Mama! Mama!" Akaanza kujivuta atoke mapajani kwangu, nami namng'ang'ania, naye analia na kunipiga kifuani. Na kutoka darasa la nne, kama amejibiwa, kikatoka kilio kingine. Kidogo, chembamba, kama mlango usiotiwa mafuta. Nilikijua. Kikakatika ghafla, na nikajua kiganja cha Mama Chausiku kimefanya kazi yake.

Bibi alikuwa amekisikia. Akageuza kichwa kuelekea shule. Akavua miwani. Akachuchumaa mbele yangu, akanishika mkono, akasema jambo fupi, polepole, akinitazama mimi, si mkalimani.

Mkalimani akasema, "Anauliza, mama, huyu mtoto ni wako kweli?"

Sijawahi kutazamwa vile na mtu mkubwa. Neno lilikuwa limefika ulimini. Nyuma ya bega la bibi nilimwona Bwana Mchopa, uso wake umekuwa rangi ya jivu, naye haniangalii mimi, anaangalia zahanati, mlango wa chumba cha maboksi. Wiki tano zilikuwa zimebaki. Vipakiti vitatu kwa siku.

"Ni wangu," nikasema.

Bibi akanibana mkono kidogo, akasimama, akaandika.

*

Tulishinda. Redio ilitangaza kwamba nchi yetu imeruka hatua thelathini na mbili kwa mpigo, jambo ambalo hata chura hajapata kulifanya. Nchi ya Ng'ambo nayo iliruka, lakini thelathini tu. Wao pia walikuwa wamepata wageni.

Usiku huo huo Baba Mlezi alihutubia. Akasema taifa lililoshiba halina haki ya kulimbikiza. Kwa hiyo maboksi yote ya chakula dawa yaliyokuwa kwenye zahanati zetu yamepelekwa darajani, pamefunguliwa dirisha la msaada, ili watoto wa Ng'ambo, maskini wale, nao waonje. Kwao lile neno liliruhusiwa.

Asubuhi nikaenda zahanati. Nesi Tunu alikuwa amekaa mbele ya chumba kitupu, mikono mapajani. Sikuwa nimezoea kuiona mikono yake imekaa.

"Wameyabeba alfajiri," akasema.

"Si walisema tukitia aibu ndiyo yatahamishwa? Hatukutia aibu."

"Ndiyo. Mmefanya vizuri mno."

Akafungua daftari akanionyesha. Mbele ya jina la Siwema paliandikwa kilo kumi na tano, amepona, na muhuri, na kadi yake ya kliniki nayo imeandikwa vivyo hivyo.

Siku ya tisa baada ya hapo Siwema hakunyonya. Miguu yake ilikuwa imejaa, inang'aa. Nami mjinga nikafurahi kwanza, nikadhani ananenepa. Nesi Tunu alibonyeza mguu kwa kidole gumba, akaachia, na shimo likabaki pale pale, kama kidole kilichoingia kwenye unga uliokandwa.

"Hayo ni maji, si nyama," akasema. "Njaa ikizidi, mwili hujaza maji. Mama Siwema, nisikilize. Huna wiki. Una siku. Nenda wilayani, kwa Afisa Uzito. Akifuta ile kumi na tano, nitaruhusiwa kumwombea hospitali kubwa. Asipofuta, kule getini watasoma kadi yake na kumrudisha."

*

Afisa Uzito wa Wilaya, Bwana Sungwa, ana ofisi yenye feni mbili. Alisoma kadi, akamtazama Siwema juu ya miwani, akasoma kadi tena.

"Mama, hapa pana tatizo kubwa."

"Ndiyo, baba. Ndiyo nimekuja."

"Kadi hii ni ya serikali. Mtoto huyu ni wako. Hawakubaliani. Sasa niambie, mimi mtumishi wa serikali nimwamini nani?"

"Mpime, baba. Mizani ile pale."

"Nikimpima nitapata jibu, na jibu nikishalipata lazima niliandike. Nikiliandika, mtoto huyu amepoteza yapata kilo nane ndani ya siku chache." Akashusha sauti kwa uchungu wa kweli. "Kilo nane, mama! Zile kilo zimehesabiwa kwenye hesabu ya Taifa. Zimeshapelekwa kwa wakubwa wa dunia. Ziko wapi? Nani amezila?"

"Hazikuwa zake, baba. Mtoto alikuwa wa kuazima."

Bwana Sungwa akaweka kalamu chini. Akainuka, akafunga mlango, akarudi, akakaa.

"Sikusikia," akasema.

"Nimesema mtoto ali—"

"Nimesema sikusikia. Nakusaidia, mama. Tazama ukutani."

Ukutani palibandikwa karatasi kubwa yenye nembo. Nikasoma kwa sauti, maana kusoma najua: *Atakayetangaza njaa ndani ya nchi, atafungwa. Atakayeitangaza nje ya nchi, asirudi.*

"Unasoma vizuri," akasema Bwana Sungwa. "Shahada ile haikupotea bure. Mpeleke mtoto nyumbani, mpe mayai, samaki. Kwa mujibu wa ripoti unavyo."

Siwema alikuwa ameegemea kifua changu, macho wazi, hatazami kitu. Feni zilikuwa zinampepea nywele. Nywele zenyewe zilikuwa zimegeuka rangi, nyekundu-nyekundu kama ndevu za mahindi, na Bwana Sungwa akasema, kwa kutaka kunichangamsha, kwamba ana nywele nzuri kama za Kizungu.

Nje ya geti nilimkuta Nesi Tunu. Alikuwa amenifuata kwa baiskeli, sare yake imejaa vumbi.

"Amekataa," nikasema.

"Najua. Hukukawia." Akamfunika Siwema kichwa. "Sikiliza. Huku wanagawa kwa watoto wa Ng'ambo tu. Na kule wamefungua dirisha lao, kwa watoto wa huku, wasije wakaonekana wachoyo. Chakula ni kile kile, na wana daktari. Vuka."

"Nikivuka, nitarudi?"

Nesi Tunu hana maneno ya kupoteza. Akanipandisha nyuma ya baiskeli.

*

Daraja lile ni refu, na upana wake ni wa lori moja. Nilidhani nitakuwa peke yangu. Nikakuta mistari miwili. Akina mama wa kwetu wanakwenda, akina mama wa Ng'ambo wanakuja, wote wana watoto mgongoni, na katikati tunapishana tukigeuza mabega. Hakuna aliyemsalimu mwenzake. Mmoja tu, msichana hata si mkubwa kuliko mimi, alinishika kiwiko.

"Dada, kwenu bado wanagawa?"

"Kwa nyinyi, ndiyo. Na kwenu?"

"Kwa nyinyi."

Akamtazama Siwema, nami nikamtazama wake. Tukaachiana.

Dirisha la Ng'ambo limepambwa kwa mabendera. Kulikuwa na karani aliyevaa tai, na mpiga picha wa gazeti lao amesimama na kamera yake kwenye miguu mitatu. Nyuma yao, kupitia mlango ulioachwa wazi, niliyaona maboksi. Yamepangwa hadi darini. Hata harufu ya karanga niliipata.

"Karibu, mgeni," akasema karani. "Pole na nchi yenu. Utaratibu ni mfupi. Unasaini, tunampima, tunapiga picha, mtoto anakula. Daktari yuko ndani."

Akanipa karatasi. *Mimi, mama wa mtoto huyu, nathibitisha kwamba nchi yangu imeshindwa kuwalisha watoto wake, na naishukuru Nchi ya Ng'ambo.* Chini pana nafasi ya jina, kijiji na wilaya.

"Itasomwa na nani, kaka?"

"Na kila mtu! Itatoka gazetini kesho, na picha."

Nikageuka nikatazama nilikotoka. Ng'ambo ya maji maua yalionekana, mekundu, safu kwa safu. Nyumba yangu haikuonekana, iko nyuma ya maua. Mama yangu amezikwa huko. Mume akirudi machimboni atarudi huko.

Siwema alipumua, kisha akakaa muda, kisha akapumua tena.

Niliandika jina langu lote, na la baba, na la babu. Niliandika kijiji na wilaya. Mwandiko wangu ni mzuri, mwalimu alikuwa akiusifia. Karani akaikausha karatasi kwa kuipuliza, akaitia kwenye droo, akaifunga kwa ufunguo.

"Haya, mizani."

Mizani ikasoma kilo saba na robo tatu. Karani akakunja uso. Akamfunua Siwema kanga, akaiona miguu.

"Mbona mnene?"

"Ni maji, kaka. Si nyama. Bonyeza uone."

Hakubonyeza. Akamwita mpiga picha, wakaiinamia miguu ya mwanangu wote wawili, wananong'onezana kama madaktari.

"Haitafaa," akasema mpiga picha. "Ile miguu ikitoka gazetini, watu watasema tunalisha walioshiba. Wale wa upande ule wa daraja watatucheka."

"Mama," akasema karani kwa upole, na kwa kweli alikuwa mpole, "huyu hajakaa sawa. Tunahitaji wanaoonekana. Kaa naye hapo pembeni, maji yakishuka uje, wewe tumeshakuandika. Anayefuata!"

Mama aliyefuata akasogea, lakini sikuondoka. Nilikuwa nimeshika kizingiti cha dirisha kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine kifua cha Siwema, nahesabu pumzi zake.

"Kaka," nikasema, "basi mpigeni uso peke yake. Uso umekonda. Miguu nitaifunika kwa kanga, haitaonekana. Mpigeni uso tu, halafu apewe kipakiti kimoja. Kimoja tu."

Karani akamtazama mpiga picha. Mpiga picha akainua kichwa, akatazama jua limefika wapi, kama bado linatosha picha.